Kwani Huko Hamuanuliani Nguo?

Neno la kwanza nililolitamka wiki ile lilikuwa "sijambo", na nilimjibu mtu ambaye hakuwa akisema nami.

Kazi yangu ni kusikiliza sauti za watu na kuziandika. Natumiwa rekodi za simu za wateja, natia hedifoni, nasikiliza, nachapa, narudisha faili, nalipwa kwa dakika. Siku hiyo mwanamume mmoja kwenye rekodi alianza, "Hujambo dada?" kwa sauti ya mtu aliyefunzwa nyumbani kwao kuamkia kwanza kabla ya kuuliza lolote, na mdomo wangu ukajibu wenyewe. Sauti iliyotoka ilikwaruza kama bawaba ya mlango wa banda. Nikasimamisha rekodi, nikahesabu siku kurudi nyuma. Ilikuwa Alhamisi. Jumatano sikusema na mtu. Jumanne nilinunua maziwa na mkate, nikalipa kwa simu, nikaondoka. Jumatatu sikutoka kabisa. Jumapili nilimwambia makanga "shukisha", na hapo ndipo maongezi yangu yalipoishia.

Nairobi ilihesabiwa watu 4,397,073. Naikumbuka hesabu hiyo kwa kuwa nami nimo ndani yake. Sensa ya Agosti 2019, kijana mmoja alipanda ngazi hadi orofa ya nne na tableti yake, akabisha, akauliza nyumba hii wamelala watu wangapi. Nikasema mmoja. Akachungulia nyuma yangu kidogo, kama anayedhani nimeficha mtu uvunguni, kisha akabonyeza akaendelea na mlango wa pili, ambako nilisikia vicheko na mtoto akibishana kuhusu umri wake. Matokeo yalipotoka yalisema nyumba moja ya Nairobi ina wastani wa watu 2.9, na nchi nzima 3.9. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanaoushusha wastani.

Wala sikuwa nikisikitika wakati huo. Niseme kweli: mimi nilikuja Nairobi kuwakimbia watu.

Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, kwenye nyumba yenye baraza mbele na mlango unaofungwa usiku tu. Barazani kuna wazee tangu alasiri hadi isha. Ukipita na mfuko, wanajua umenunua nini. Ukipita bila mfuko, wanauliza kwa nini. Huwezi kushona dera jipya bila mtaa mzima kujua bei ya kitambaa na fundi aliyekosea shingo. Watu huandika kuhusu udugu wa Pwani kama kwamba ni halua tupu. Waliokulia ndani yake wanajua kuwa una makucha pia. Nilipopata kazi hii mwaka 2018, inayohitaji intaneti na utulivu tu, nilifunga sanduku nikapanda treni ya mchana, na nilipofunga mlango wa bedsita yangu kwa mara ya kwanza nikapumua hasa.

Mtaa wenyewe unaitwa Umoja. Nyumba zake za mwanzo, za miaka ya 1970, zilikuwa za chini, na waliozijenga bila shaka walilichagua jina kwa matumaini. Sasa ni maghorofa yaliyokaribiana hivi kwamba ukinyoosha mkono dirishani waweza kumkabidhi jirani wa jengo la pili kikombe cha chai. Sijawahi kumwona mtu akifanya hivyo.

Na Nairobi hukusaidia sana ukitaka kuishi bila mtu. Stima ni tokeni, wanunua kwa simu. Maji ni mtungi wa lita 20, mwenye mkokoteni anapandisha unamlipa ngazini. Gesi inaletwa na pikipiki, na chakula vilevile. Kodi haipiti mkononi mwa landilodi. Nilikuwa na fahari kubwa: sidai, sidaiwi. Hata mama mboga aliye chini ya ngazi zetu nilikataa kumwachia nafasi. Nyanya na dania vikifika shilingi 35 nami nina noti ya 50, atasema, "Sina chenji, madam, utachukua kesho." Nami nasema hapana mama, nipe nambari nilipe kwa simu, kamili. Nilidhani naonyesha uaminifu. Miaka miwili baadaye aliniambia, akiwa anakata sukuma wiki wala hakuinua macho, kwamba alidhani namwona mwizi.

Jirani wa mlango wa pili, yule wa vicheko vya siku ya sensa, nitamwita Mama Mapacha, kwa sababu hivyo ndivyo jengo zima humwita. Yeye ni wa bara, ana mume anayefanya kazi za usiku, na mapacha wa kiume ambao hadi leo nawatofautisha kwa kovu la paji la uso la mmoja wao. Ramadhani ya 2019 nilipika mbaazi za nazi na mahamri, vikawa vingi kama vinavyokuwa vingi siku zote mkono ukizoea kupikia watu kumi. Nikatia mbaazi kwenye bakuli langu la buluu, lile la maua lililokuja nami kutoka kwa mamangu, nikampelekea. Alishukuru sana. Kesho yake bakuli likarudi limeoshwa, linang'aa, na ndani hamna kitu.

Msomaji wa Pwani ameshaelewa. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukikosa kabisa unatia hata embe moja, kipande cha muwa, ndimu mbili. Bakuli tupu ni neno. Ni kama kuambiwa: nimepokea, basi, tusizoeane. Nikaliweka juu ya kabati na sikubisha tena mlango ule karibu mwaka mzima. Tulipopishana ngazini tuliitana "sasa", "poa", kila mtu akaenda zake.

Kisha ukaja mwaka 2020.

Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini Machi 13. Kafyu ikaja mwisho wa mwezi huo, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Siku mbili baadaye Mombasa ikafungwa nayo. Kwa hiyo hata ningepata mbawa za kutoka huku nisingepata pa kutua kule. Nilikuwa nimeshakata shauri kwenda kufunga Ramadhani nyumbani, na Ramadhani ilikuwa wiki mbili na ushei mbele.

Siku ninayotaka kuisimulia ni ya katikati ya Aprili hiyo. Ilikuwa msimu wa masika na mvua zilikuwa kubwa. Nilifua asubuhi, nikapanda hadi juu ya paa ambako kila jengo la huku lina kamba zake za kuanikia, nikaanika kila kitu nilichokuwa nacho cha maana, nikashuka kutia hedifoni. Nilikuwa na faili refu la malalamiko ya watu. Nilipolimaliza na kuvua hedifoni, nikasikia: mabati ya jengo la jirani yanalia, mferejini kunafoka. Mvua ilikuwa imenyesha labda saa nzima.

Nikakimbia ngazi. Paani kulikuwa na kamba saba. Sita zilikuwa tupu kabisa, hata kibanio hakikusahauliwa. Ya saba ilikuwa yangu, imelemewa imeshuka katikati, inachuruzika: madera mawili, shuka, kanga za mamangu, taulo. Chini ya mlango wa paa walikuwa wamesimama wale mapacha na watoto wengine wawili, kila mmoja na beseni la nguo za watu, wakicheza kutoa mikono nje na kuirudisha. Wao ndio walioanua. Mtu mmoja alikuwa amewaita watoto, na watoto walikuwa wameanua nguo za jengo zima.

Nikauliza, tena kwa ukali, mbona zangu mmeziacha. Yule mwenye kovu akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Tulidhani ni za mwenye alihama."

Sikuwa na la kumjibu. Hakukuwa na chuki hapo, hata uzembe haukuwapo. Walijua dera la huyu na suruali ya yule, walijua soksi za mtoto wa orofa ya kwanza. Nguo zangu hawakuzijua kwa sababu mimi mwenyewe hawakunijua, nami nilikuwa nimekaa kwenye jengo lile mwaka wa pili.

Jioni nikampigia mamangu simu kumsimulia, nikitarajia anionee huruma. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za nchi ya mbali: "Kwani huko hamuanuliani nguo?"

Nikasema mama, huku kila mtu na lake.

"Na nyumba ya pili yu nani?"

Nikamwambia kisa cha bakuli. Alicheka hadi akakohoa. Akasema nilikosea toka mwanzo. "Wewe ulipeleka. Mgeni hapeleki, mgeni huazima. Ukipeleka wamfanya mwenzio mdaiwa naye hakujui. Ukiazima wamfanya mwenyeji. Nenda kaazime kitu."

Kwanza nililiona ni neno la kizamani tu, la mtu asiyejua mji mkubwa. Sikwenda. Ramadhani ikaingia na misikiti imefungwa. Magharibi ya Nairobi huingia kama saa kumi na mbili u nusu, kafyu ni saa moja, kwa hiyo nusu saa baada ya kufungua jiji zima lilinyamaza kama limezimwa swichi. Nilifungua kwa tende tatu na maji nikiangalia simu. Chakula kikawa hakina maana. Nilipika wali wa siku tatu nikaula ubaridi. Usingizi ukaja mchana ukakataa usiku. Moyo ulianza kunidunda bila sababu, hata nimekaa. Baada ya Idi nikaenda kliniki moja ya jirani. Mhudumu akapima presha, ilikuwa juu kuliko inavyopaswa kwa mtu wa miaka thelathini na mitatu, akauliza chumvi, akauliza mazoezi, kisha akauliza naishi na nani. Peke yangu. Akaandika. "Ukizidiwa usiku, utagonga mlango wa nani?"

Nikamwambia nitaita gari kwa simu. Akanitazama. "Kafyu," akasema.

Ndiyo siku niliyoazima chumvi. Niliivua barakoa nikaivaa tena, nikabisha, nikasimama mbali kidogo na mlango. Nilikuwa na pakiti nzima ya chumvi jikoni, haijafunguliwa. Mama Mapacha alifungua mlango na mwiko mkononi, nikasema samahani jirani, nimepika nikagundua chumvi imeniishia. Uongo mtupu, tena wa mwanamke mzima. Akaingia, akarudi na chumvi kwenye kifuniko cha chupa ya plastiki, akasema, "Hii itatosha? Kwani unapika nini?" Na kwa kuwa sikuwa nimepika kitu, nilibabaika nikataja muhogo wa nazi. Akasema hajawahi kuuonja, huku wanachemsha tu. Ikabidi nishuke kwa mama mboga kununua muhogo.

Sijui kama inaeleweka jinsi kifuniko kile kilivyonilemea. Chumvi ya shilingi mbili, na sikulala hadi nimewaza namna ya kuilipa. Ndipo nikaelewa kidogo alichokuwa akisema mamangu. Ninapolipa kamili, tumemalizana. Kila mmoja yuko huru kumsahau mwenzake. Yule anayekudai chumvi hawezi kukusahau, nawe huwezi. Kwa miaka miwili nilikuwa nikikata kamba hizo moja moja kwa simu yangu, shilingi 35 kamili, halafu nashangaa nguo zangu hazina pa kushikilia.

Nikaanza kuacha madeni. Mama mboga akisema sina chenji, nasema haya, kesho. Kesho yake ananiita kabla sijafika: "Wa Mombasa, una kumi yako hapa!" Kwa shilingi kumi nikapata jina, maana "madam" alikuwa akiwaita wote. Siku nyingine nadaiwa mimi, ananiandika kwenye daftari lake la kurasa za mraba, na daftari hilo likanifundisha jengo letu kuliko miaka miwili ya kuishi ndani yake: nani amefutwa kazi, nani amejifungua, nani hanunui tena mayai. Hachunguzi, lakini anaona. Wakati mmoja nililala na homa siku mbili, ya tatu akamtuma mtoto kuuliza kama nimesafiri, kwa sababu sikusafiri kamwe bila kulipa.

Si kila kitu kilikwenda vizuri, na ningekuwa mwongo kuacha sehemu hii. Mwaka 2021, nikiwa nimelewa ujirani, niliingia chama cha kuzungushiana cha wanawake kumi wa majengo matatu, elfu moja kila wiki mbili. Zamu yangu ilikuwa ya tisa. Zamu ya saba mweka hazina alihama usiku na hela, na nambari yake ikawa haipatikani. Nililia kwa hasira, nikajiambia ndiyo maana mtu hukaa kwake. Lakini tulibaki tisa, tukakutana kumtukana, na nakiri kwamba kumtukana pamoja kulituleta karibu kuliko chama chenyewe. Wawili kati yao ndio ninaotembea nao Jumamosi asubuhi hadi leo. Hela sikuziona tena.

Na majirani wanachosha. Wanabisha ukiwa na kazi ya haraka, wanauliza kwa nini huolewi, redio ya orofa ya tatu haijui Jumapili. Mimi bado si mtu wa watu. Kuna siku nafunga mlango, natia hedifoni bila sauti yoyote ndani, nakaa. Tofauti ni kwamba sasa najua nani yuko nyuma ya ule mlango.

Kiswahili kina maneno mawili hapa ambayo watu huyachanganya. Upweke ni kuwa peke yako. Mtu aweza kuutafuta, akaulipia hata kodi, kama mimi. Ukiwa ni jambo jingine, ni ile hali ya nyumba iliyohamwa, ukiita unajibiwa na ukuta. Mkiwa aweza kuwa amebanwa katikati ya matatu ya watu thelathini na watatu. Nilipoanza kusoma mambo haya nilikuta wataalamu nao wanatenganisha vilevile: kukosa watu ni kipimo kimoja, na maumivu ya pengo kati ya watu ulio nao na wale unaowahitaji ni kipimo kingine. Nilianza na la kwanza kwa hiari yangu, la pili likaja bila kubisha hodi.

Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya jambo hili Novemba 2023, na ripoti yake ikatoka Juni 30, 2025. Inasema mtu mmoja kati ya kila sita duniani ana ukiwa, na kwamba unahusishwa na vifo 871,000 kwa mwaka, takriban mia moja kila saa. Kilichonishtua si hicho, maana takwimu kubwa hupita juu ya kichwa. Ni kwamba katika nchi za kipato cha chini wanaosema wana ukiwa ni kama asilimia 24, na katika nchi tajiri kama 11. Mara mbili zaidi! Nimesikia mara ngapi, hata barazani kwetu, kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tuna ndugu? Kumbe ndugu wako Mombasa na wewe uko orofa ya nne. Tena vijana ndio wanaouona zaidi kuliko wazee.

Kuna kazi nyingine ya mwaka 2010, ya Julianne Holt-Lunstad na wenzake huko Marekani. Walikusanya tafiti 148 za watu zaidi ya laki tatu, waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka saba na nusu, wakakuta wenye mahusiano imara na watu walikuwa na nafasi ya kubaki hai iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 50. Sisemi maongezi ya ngazini ndiyo yaliyonishusha presha. Nilipunguza chumvi pia, na nilianza kutembea. Nasema tu kwamba yule mhudumu aliponiuliza mlango wa nani, hakuwa ametoka nje ya kazi yake.

Mmoja wa wenyeviti wawili wa tume ile ni Mzimbabwe, Chido Mpemba, na Zimbabwe ndiko kulikotokea jambo ninalolipenda kuliko ripoti zote. Tangu 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda, katika nchi yenye madaktari wachache mno wa fani yake, aliwafunza kina nyanya wa mitaa kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu. Watu hawaji na jina la kizungu la ugonjwa. Wanasema wana "kufungisisa", kuwaza kupita kiasi. Hapa tungesema mtu ana mawazo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha waliokaa na kina nyanya hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma za kawaida. Mpango huo umefika mpaka Zanzibar. Nilipomwambia mamangu kwamba madaktari wamegundua benchi la nje lenye mtu mzima wa kukusikiliza, alisema, "Baraza?" na akarudi kuchambua mchele.

Bakuli sasa. Mwaka 2022 Mama Mapacha alifiwa na babake. Jioni tano mfululizo nyumba yake ilijaa, watu wamekaa hadi ngazini, na mimi kwa kuwa nachapa haraka nikapewa kuandika michango ya kusafirisha mwili. Majina yote ya jengo yalipita mkononi mwangu, mia mbili huyu, elfu yule, na mama mboga mia tano ambazo sijui alizitoa wapi. Usiku wa mwisho tulibaki wawili tukiosha vyombo kwa maji ya mtungi, nikachota chai ya tangawizi kwenye bakuli la buluu kwa kuwa vikombe vilikwisha. Akalitazama.

"Hili nalijua. Nilikusugulia hadi nikatumia jivu."

Nikamuuliza, baada ya miaka mitatu, kwa nini alilirudisha tupu. Hakuelewa swali. Nikaeleza ya kwetu: embe, ndimu, kipande cha muwa. Akashika kichwa na mkono wenye povu. Kwao, akasema, ukirudisha chombo na kitu ndani ni kama umekataa kile ulichopewa, umeona ni deni ukalipa upesi ili mtu asikudai. Heshima ni kukisugua king'ae. "Nilikuwa nangoja ulete tena," akasema. "Nikasema huyu wa Mombasa, siku moja tu, basi?"

Tulicheka kwenye nyumba ya msiba hadi shangazi mmoja akachungulia kutukanya.

Hivi ninavyoandika, bakuli liko kwake, lina wiki tatu. Kwangu kuna sufuria yake ya chapo, na kifuniko cha ile chupa ya chumvi, ambacho nilikusudia kukirudisha mwaka 2020. Mama mboga ananidai 140.

Leo mchana wingu lilianza kujikusanya upande wa Komarock. Nilivua hedifoni katikati ya malalamiko ya mtu kuhusu bili, nikapanda ngazi. Mapacha wako shule, siku hizi ni wavulana wa sekondari na hawana habari na nguo za mtu, kwa hiyo nilikuwa peke yangu paani na kamba saba. Nikaanua kuanzia kwa mwenye mtoto mchanga, maana nepi hazingoji, kisha sare za wale wa orofa ya kwanza, kisha zangu. Nimejaza mabeseni mawili, yako hapa mlangoni kwangu. Nimeshazigawa karibu zote kichwani, hii ya nani, hii ya nani. Imebaki shuka moja ya maua mekundu ambayo siijui kabisa. Kuna mtu amehamia orofa ya tano wiki iliyopita. Sijamwona, nilisikia tu kitanda kikiburuzwa. Mvua ikipungua nitapanda nikamuulize, na nadhani nitaazima kitu.